Maswali ya Wasomaji: Kasi za Laini za Simu za Zamani na Kasi za Etheneti

Barua nyingi tulizopokea kuhusu mitandao safari hii zinaelekea upande mmoja. Mashirika yanaachana na laini za kukodi za kampuni za simu, yaani T1, E1 na STM-1, na kuhamia Etheneti, teknolojia ya kawaida ya mitandao ya kompyuta, na watu waliokabidhiwa kazi hiyo wanaomba jedwali la kubadilishia kasi ya zamani kuwa kasi mpya. Majedwali ya namna hiyo yamejaa kila mahali, lakini kwa maoni yangu yanapotosha zaidi ya yanavyosaidia, kwa sababu namba inayoandikwa kwenye laini ya simu na namba inayoandikwa kwenye Etheneti hazihesabu vitu vilevile. Ndiyo maana katika majibu yafuatayo nimeziweka hesabu zenyewe wazi, ili kila mmoja aweze kuzirudia kwa kutumia vipimo vya laini yake.

SWALI: Ofisi yetu imekuwa ikitumia laini ya E1 ya megabiti 2.048 kwa sekunde, na sasa tunaletewa Etheneti ya megabiti 100. Nimegawanya nikapata karibu mara 49. Je, hesabu hiyo ni sahihi? Tena, kwa nini E1 haikuwekwa megabiti 2 kamili?

JIBU: Nianze na swali lako la pili, kwa kuwa likieleweka, la kwanza linakuwa jepesi.

Laini hizi hazikuundwa kwa ajili ya kompyuta. Ziliundwa kwa ajili ya sauti ya mtu anayezungumza. Sauti ya simu hubebwa katika masafa yasiyozidi hezi 4000, na kanuni ya upimaji inataka mawimbi yapimwe angalau mara mbili ya masafa yake ya juu kabisa, yaani mara 8000 kwa sekunde. Kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Zidisha 8000 kwa 8 upate biti 64,000 kwa sekunde, na hiyo ndiyo chaneli moja ya simu ya kidijitali. Wazo la kugeuza sauti kuwa namba kwa njia hii lilitolewa na mhandisi Mwingereza Alec Reeves mwaka 1937, miaka mingi kabla ya vifaa vya kulitekeleza kwa bei inayovumilika kupatikana.

Kutoka hapo kila upande wa dunia ulifunga chaneli hizo kwa fungu lake. Marekani, ambako T1 ilianza kutumika mwaka 1962, walifunga chaneli 24 pamoja, wakaongeza biti moja ya kutambulisha mwanzo wa kila fremu, yaani fungu moja la biti linalotumwa kwa pamoja. Fremu ikawa na biti 193, nayo hutumwa mara 8000 kwa sekunde, hivyo jumla ni megabiti 1.544. Ulaya na sehemu kubwa ya dunia walifuata E1 yenye nafasi 32 za kilobiti 64, na 32 mara 64 ni 2048. Ifikirie kama basi la viti 32 ambalo viti viwili ni vya dereva na utingo: nafasi ya kwanza, inayoitwa nafasi sifuri, hubeba alama za kuoanisha fremu, na nafasi ya 16 hubeba ishara za kupiga na kukata simu. Abiria ni 30. Laini ikitumika kwa data peke yake, nafasi ya 16 inaweza kuachiwa data nayo, lakini nafasi sifuri hubaki na kazi yake, hivyo kiasi cha juu kabisa unachoweza kutumia ni nafasi 31, sawa na megabiti 1.984 kwa sekunde.

Sasa ona tofauti. Ile 2.048 inajumlisha kila biti inayopita kwenye waya, hata zile ambazo huzigusi kamwe. Etheneti haikuhesabiwa hivyo. Etheneti ya megabiti 100 kwenye nyaya za shaba hugeuza kila biti 4 kuwa alama 5 kabla ya kuzituma, hivyo alama zinazopita ni milioni 125 kwa sekunde, lakini ziada hiyo haikuingizwa kwenye jina. Ukipewa megabiti 100, ni 100 za fremu kwelikweli. Ila fremu nazo zina gharama yake: kila moja hutanguliwa na baiti 8 (baiti moja ni biti 8) za kumwamsha mpokeaji, ina baiti 14 za anwani na aina, hufungwa kwa baiti 4 za kukagua makosa, kisha lazima ifuatwe na ukimya wenye urefu wa baiti 12. Jumla ni baiti 38 kwa kila fremu, iwe imebeba mengi au machache.

Tujaribu kwa faili kubwa. Faili hukatwa katika vipande viitwavyo pakiti. Pakiti ya kawaida ina baiti 1500, na ukiondoa vichwa vya IP na TCP, yaani itifaki za anwani na za uthibitisho wa mapokezi, hubaki baiti 1460 za faili lako. Kwenye Etheneti pakiti hiyo huchukua nafasi ya baiti 1538, kwa hiyo kati ya megabiti 100 unapata 94.9 za faili. Kwenye E1, ruta, kifaa kinachoelekeza pakiti, huongeza baiti zipatazo 8 tu kwa kila pakiti, na ukijumlisha biti zinazochomekwa ili data isifanane na alama za mwanzo na mwisho wa fremu, unabaki na megabiti 1.9 hivi. Faili la megabaiti 100 lililokuwa likichukua dakika 7 kwenye laini yako ya zamani litachukua sekunde zipatazo 8 na nusu kwenye mpya. Hiyo ni mara 50 hivi, kwa hiyo makadirio yako hayakukosea mbali.

Lakini usiitegemee namba hiyo kwa kazi nyingine. Chukua pakiti ndogo za baiti 40, kama zile za kuthibitisha mapokezi ya data. Kwenye E1 pakiti kama hiyo huchukua baiti 48. Kwenye Etheneti fremu hairuhusiwi kuwa chini ya baiti 64, hivyo pakiti hujaziwa baiti tupu mpaka itoshe, kisha huongezewa baiti 20 za mwamsho na ukimya, na inaishia kula nafasi ya baiti 84. Kwa pakiti za namna hiyo laini mpya inaizidi ya zamani mara 29 tu. Laini ni zilezile mbili, na tofauti ya mara 50 na mara 29 imeletwa na ukubwa wa pakiti peke yake.

Faida nyingine ambayo watumiaji wako wataihisi hata bila kupakua chochote ni muda wa pakiti moja kuingia kwenye waya. Pakiti ya baiti 1500 huhitaji milisekunde 6 kuingia kwenye E1, na wakati huo pakiti nyingine zote husubiri nyuma yake. Kwenye Etheneti ya megabiti 100 muda huo ni milisekunde 0.12.

SWALI: Tulikuwa na E1 iliyobeba simu 30 bila tatizo. Tulipohamia simu za IP, zinazobeba sauti kwa pakiti, tuliagiza Etheneti yenye kikomo cha megabiti 2 kwa sekunde, tukiamini ni kiasi kilekile. Asubuhi simu ni safi kabisa. Wapigaji wakiwa wengi, sauti za simu zote hukatikakatika kwa pamoja, hata za wale waliokuwa wakizungumza vizuri. Mtoa huduma anasema laini yake haina kasoro.

JIBU: Kwa maelezo haya, inawezekana kabisa kwamba mtoa huduma anasema kweli, na kwamba kosa lilifanyika siku ya kuagiza. Nakusihi ufuatilie hesabu hii mpaka mwisho, kwa kuwa ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko mengine yote katika uhamisho wa aina hii.

Kwenye E1 chaneli ya simu ni kilobiti 64 na haiongezwi chochote, kwa sababu nafasi yake ndani ya fremu ndiyo inayoitambulisha. Nafasi ya 7 ni ya mtu fulani, na haihitaji kuandikiwa jina. Kwenye mtandao wa pakiti hakuna nafasi maalumu ya mtu, hivyo kila kipande cha sauti lazima kibebe anwani yake. Usimbaji wa sauti uitwao G.711, ambao ni kilobiti 64 zilezile, hukatwa kwa kawaida katika vipande vya milisekunde 20, yaani vipande 50 kwa sekunde vyenye baiti 160 kila kimoja. Juu ya baiti hizo huwekwa vichwa vya itifaki tatu za usafirishaji: kichwa cha RTP cha baiti 12, cha UDP cha baiti 8 na cha IP cha baiti 20. Tumefika 200. Ongeza zile 38 za Etheneti tulizozitaja katika jibu lililotangulia, tupate 238. Zidisha kwa 8, kisha kwa 50, upate kilobiti 95.2 kwa sekunde kwa kila simu, katika kila upande.

Gawanya kilobiti 2000 kwa 95.2: zinaingia simu 21. Ya 22 ikipigwa, kidhibiti kasi cha mtoa huduma huanza kutupa pakiti zinazozidi, nacho hakijui ipi ni ya mgeni na ipi ni ya aliyetangulia, hivyo hutupa kidogo kutoka kwa kila mmoja. Ndiyo maana simu zote zinaharibika pamoja badala ya kukataliwa ile moja iliyozidisha. Baadhi ya watoa huduma huhesabu fremu kuanzia kwenye anwani, bila baiti 20 za mwamsho na ukimya. Kwa hesabu yao kila simu ni kilobiti 87.2, na zinaingia 22 badala ya 21. Iwapo unatumia vitambulisho vya VLAN, vinavyogawa mtandao mmoja katika mitandao midogo, ongeza baiti 4 kwa kila fremu.

Kwa simu 30 unahitaji 30 mara 95.2, sawa na megabiti 2.856, bila kuhesabu ishara za kupiga na kukata wala matumizi mengine yanayopita humo. Mimi ningeagiza megabiti 4. Unaweza pia kubadilisha usimbaji uwe G.729, unaobana sauti hadi kilobiti 8, lakini usitazamie kupata punguzo la mara nane: vichwa havibaniki, na kila simu itakuwa kilobiti 39.2 kwenye waya. Simu 30 zitatosha katika megabiti 1.2 hivi, kwa gharama ya sauti iliyofifia kidogo na faksi ambazo hazitapita. Uamuzi ni wenu, ila kwa ofisi inayowahudumia watu kwa simu mchana kutwa ningependelea kulipia kasi zaidi kuliko kuipunguza sauti.

Lolote mtakaloamua, wekeni kwenye mtambo wa simu kikomo cha idadi ya simu za wakati mmoja. E1 ilikuwa nacho kwa maumbile yake: mtu wa 31 alisikia mlio wa kwamba laini zimejaa na hakuwasumbua wengine 30. Mtandao wa pakiti hauna kikomo hicho mpaka mtu akiweke.

SWALI: Kampuni yetu inaondoa STM-1 ya megabiti 155 iliyounganisha vituo viwili vya data. Je, tuibadilishe na Etheneti ya gigabiti yenye kikomo cha megabiti 155? Pia nisaidie kuelewa kwa nini STM-1 ilibeba E1 63 tu, ilhali 155 ukigawanya kwa 2 unapata zaidi ya 75.

JIBU: Fremu ya STM-1 ni jedwali la safu 9 na nguzo 270 za baiti, nayo hutumwa mara 8000 kwa sekunde, mwendo uleule wa kupima sauti. Hilo ni jambo ninalolipenda sana katika mfumo huu, kwamba kila baiti moja ya jedwali ni sawa na chaneli moja ya simu ya kilobiti 64. Baiti 2430 mara kilobiti 64 ni megabiti 155.52. Nguzo 9 za mwanzo ni za usimamizi wa laini yenyewe, na nguzo 1 nyingine ni ya kusimamia njia kutoka mwisho hadi mwisho, hivyo mzigo halisi ni nguzo 260, yaani megabiti 149.76. Kila E1 inayopakiwa humo huwekwa kwanza kwenye kontena lenye kichwa chake na kielekezi chake, na makontena hayo hupangwa kwa mafungu ya 3, 7 na 3. Zidisha upate 63. Mzigo wa E1 hizo kwa jumla ni megabiti 129 tu, na kinachobaki ndicho kinachomwezesha fundi kuchomoa E1 moja katikati ya njia bila kuzifumua nyingine 62.

Nyinyi lakini, kama nimeelewa barua yako, mlikuwa mkipitisha pakiti za IP moja kwa moja, kwa hiyo linganisha na 149.76. Kwa pakiti za baiti 1500, laini hiyo ilibeba karibu megabiti 148.9 za IP, na kuzibeba hizo kwenye Etheneti kunahitaji megabiti 152.6. Kikomo cha 155 kinatosha, ingawa kwa shida. Kwa pakiti za baiti 40 mambo ni mengine kabisa: STM-1 ilizibeba kwa baiti 49 kila moja, Etheneti itazibeba kwa 84, na ili idadi ileile ya pakiti ipite kwa sekunde moja utahitaji karibu megabiti 257. Matumizi halisi yako kati ya ncha hizo mbili, nayo yanategemea mnachofanya. Kunakili hifadhidata usiku kuko karibu na ncha ya kwanza, maombi madogomadogo ya maelfu ya watumiaji yako karibu na ya pili. Kabla ya kutia saini mkataba, soma kwenye ruta yako ya sasa idadi ya pakiti na idadi ya baiti katika saa yenye shughuli nyingi, gawanya ya pili kwa ya kwanza, na utapata wastani wa ukubwa wa pakiti zenu. Namba hiyo moja ina thamani kuliko jedwali lolote.

Jambo jingine la kuangalia ni mpasuko wa ghafla. Ruta iliyofungwa kwenye STM-1 haikuweza kutuma kwa kasi inayozidi ya laini, hata ikitaka. Pakiti zilipanga foleni ndani yake. Ruta iliyofungwa kwenye tundu la gigabiti hutuma kila fremu kwa kasi ya gigabiti nzima, kisha kidhibiti cha mtoa huduma kinaona mafuriko ya milisekunde chache na kuyakata, hata kama wastani wa dakika nzima uko chini ya kikomo. Dawa yake ni kuiagiza ruta yenu isawazishe mtiririko kwa kasi iliyo chini kidogo ya ile mliyonunua, ili foleni ijengeke kwenu, mahali mnapoweza kuchagua kipi kitangulie.

Kwa wale waliouliza kuhusu kinyume chake, yaani kupitisha Etheneti juu ya mitambo ya STM ambayo bado inafanya kazi: Etheneti ya megabiti 100 huhitaji makontena 46 ya aina ya E1, na gigabiti nzima huhitaji makontena 7 ya megabiti 149.76, ambayo ni jumla ya megabiti 1048. STM-16, yenye kasi mara 16 ya STM-1, ina makontena 16 ya aina hiyo, hivyo inabeba Etheneti mbili za gigabiti na kubakiza makontena mawili. Kwenye gigabiti 10 familia hizi mbili zilikaribiana sana bila kulingana. STM-64, mara 64 ya STM-1, ni gigabiti 9.953, mzigo wake ni 9.585, na ukiondoa usimbaji unabaki na 9.29 hivi, kwa hiyo kiwango cha Etheneti ya gigabiti 10 cha mwaka 2002 kiliwekewa toleo la pekee linalopunguza mwendo ili liweze kuingia humo. Atakayeambiwa kwamba laini hizo mbili ni gigabiti 10 zote aulize ni toleo lipi.

SWALI: Tulihama kutoka E1 kwenda Etheneti ya megabiti 100 kati ya makao makuu na tawi la mbali. Nakala za faili zimepanda kutoka megabiti 1.9 hadi 5.2 kwa sekunde, zikaganda hapo. Mtoa huduma amepima laini na kuonyesha 100.

JIBU: Namba yako 5.2 imenifichulia mengi. Nadhani muda wa pakiti kwenda na kurudi kati ya ofisi hizo mbili ni milisekunde 100 hivi. Hakikisha kwa ping, amri ya kompyuta inayopima muda huo.

Itifaki ya TCP haitumi data mfululizo bila kujali. Hutuma kiasi ambacho mpokeaji amesema anaweza kukipokea, yaani dirisha lake, kisha husubiri uthibitisho. Katika muundo wake wa asili dirisha haliwezi kuzidi baiti 65,535, ambazo ni biti 524,280. Ukituma biti 524,280 kila baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, unapata megabiti 5.24 kwa sekunde, hata laini ingekuwa ya gigabiti 100. Kwenye E1 hukuliona tatizo hili kwa kuwa laini ilijaa kabla dirisha halijafika mwisho. Kuijaza laini yako ya sasa kunahitaji dirisha la megabiti 100 mara sekunde 0.1, ambalo ni megabiti 10, au megabaiti 1.25.

Njia ya kukuza dirisha iliandikwa tangu mwaka 1992 na mifumo ya kompyuta ya sasa huitumia yenyewe, lakini seva za zamani, baadhi ya vifaa vya ulinzi wa mtandao vinavyofuta sehemu hiyo ya kichwa cha TCP, na programu zilizopangiwa ukubwa wa dirisha kwa mkono huizuia. Jaribu kunakili faili 10 kwa wakati mmoja. Ikiwa kila moja inapata 5.2 na jumla inakaribia 52, basi laini ni nzima na ugonjwa uko kwenye dirisha.

Ikiwa jumla haipandi, kagua kitu kingine: tundu la swichi upande mmoja likifungwa kwa mkono kwenye megabiti 100 za pande mbili kwa wakati mmoja, na upande wa pili ukaachwa ujitambulie wenyewe, ule wa pili hautapata mtu wa kuelewana naye na utachukua hali ya kutuma kwa zamu. Laini itaonekana hai, itajibu ping vizuri, na itaporomoka mara tu mzigo ukiongezeka, huku hesabu za migongano upande mmoja na za makosa ya ukaguzi upande wa pili zikipanda. E1 ilibeba pande zote mbili sawasawa tangu siku ya kwanza, hivyo mafundi waliokulia kwenye simu hawana mazoea ya kulikagua jambo hili. Acheni pande zote mbili zijitambulie, au fungeni zote mbili kwa namna moja.

SWALI: Modemu yetu ya zamani ya kusomea mita ilikuwa ya 9600. Wengine husema baudi, wengine biti. Sawa na megabaiti ngapi?

JIBU: Baudi ni idadi ya mabadiliko ya ishara kwa sekunde, na biti ni habari inayobebwa. Modemu za 9600 za kiwango cha V.32 zilibadilisha ishara mara 2400 kwa sekunde na kila badiliko likabeba biti 4 za habari, hivyo ni baudi 2400 na biti 9600. Kati ya kompyuta na modemu kila herufi husindikizwa na biti ya kuanza na ya kumaliza, ikafanya biti 10 kwa herufi, na kwa hesabu hiyo ulipata herufi 960 kwa sekunde. Hizo ni baiti 960, hazifiki hata kilobaiti moja.

Kwenye Etheneti gawanya kwa 8, usigawanye kwa 10: megabiti 94.9 za faili ni megabaiti 11.9 kwa sekunde. Na kumbuka kwamba katika kasi za laini kilo ni 1000 daima. Ile 2048 ya E1 imewafanya wengi waamini kwamba megabiti moja ya laini ni kilobiti 1024, ilhali ilitokana na nafasi 32 za kilobiti 64, si na mahesabu ya kumbukumbu za kompyuta.

SWALI: Tuna mtambo wa simu wa zamani ambao hauna tundu la Etheneti, bali E1 pekee. Tumenunua vifaa viwili vya kupitisha E1 ndani ya mtandao wa IP. Inahitaji kasi gani, na kwa nini kila baada ya sekunde chache tunasikia mlio mdogo wa kukatika, ilhali hakuna pakiti inayopotea?

JIBU: Vifaa vya aina hii huchukua mkondo mzima wa E1, zikiwemo nafasi zisizo na simu, na kuukata vipandevipande. Ukubwa wa kawaida wa kipande cha E1 ni baiti 256, ambazo ni milisekunde 1 ya mkondo, kwa hiyo hutumwa pakiti 1000 kwa sekunde. Ongeza baiti 4 za neno la udhibiti, 8 za UDP, 20 za IP na 38 za Etheneti: ni baiti 326, sawa na megabiti 2.608 kwa sekunde kila upande, usiku na mchana, hata kama hakuna anayezungumza. Tenga megabiti 3 na uzipe kipaumbele cha juu kabisa.

Mlio unaousikia, kwa dalili ulizozitaja, ni saa mbili zisizokubaliana. E1 huruhusu saa ya mtambo kukosea kwa sehemu 50 kati ya milioni, ambazo kwa biti 2,048,000 ni biti 102 kila sekunde. Ikiwa kifaa kimoja kinafuata saa ya mtambo na kingine kinafuata saa yake ya ndani, na tofauti yao imefikia kiasi hicho, basi kila baada ya sekunde 2.5 hukusanyika au hupungua biti 256, ambazo ni fremu nzima, nayo lazima irukwe au irudiwe. Masikioni ni mlio mdogo. Kwenye faksi ni mistari iliyopotea, na kwenye modemu ni kukatika kwa mawasiliano. Laini ya E1 yenyewe ilibeba saa pamoja na data, ndiyo maana hukuwahi kuliwazia jambo hili. Etheneti ya kawaida haibebi saa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

Anza kwa kuangalia mipangilio ya vifaa hivyo. Kimoja kiwekwe kufuata saa ya mtambo mkuu wa simu, na cha upande wa pili kiwekwe kuikokotoa saa hiyo kutokana na mwendo wa pakiti zinazowasili. Mara nyingi hilo linatosha, mradi mtandao wa katikati hauna foleni ndefu. Kama una foleni zinazobadilikabadilika, ongeza kidogo akiba ya pakiti upande wa mpokeaji, kwa kujua kwamba kila milisekunde unayoiongeza ni milisekunde ya kuchelewa kwa sauti, na mwulize mtoa huduma kama swichi zake zinabeba saa kwa njia ya Etheneti iliyooanishwa au kwa itifaki ya kuoanisha saa iitwayo IEEE 1588. Akijibu kwamba zinabeba, mwombe aiwashe kwenye matundu yote mawili na akuthibitishie kwamba yote yanafuata chanzo kimoja, kisha vizuie vifaa vyako kuikokotoa saa na uvielekeze kwenye saa hiyo.